Kleist Sykes (1894–1949) na Suala la Herufi za Kwanza: Chuo, Shule na Mtoto wa Kariakoo

1. Utangulizi

Katika historia ya siasa ya Tanzania jina la Kleist Sykes hutajwa pale panapoelezwa kuasisiwa kwa African Association mjini Dar es Salaam mwaka 1929. Hutajwa, na mara nyingi huachwa hapo hapo. Wanahistoria wengi wamemfanya kuwa kizingiti cha kuvukia ili wafike haraka kwenye TAA na TANU, na wakishavuka hawageuki nyuma. Makala haya yanamtazama kwa jicho jingine. Yanamchukua kuwa mtu wa mji aliyepata kusoma na kuandika kwa njia ya shule ya Kijerumani, aliyeishi katika jamii ambayo kusoma kwake kulianzia chuoni kwa herufi za Kiarabu, na ambaye hatimaye alishiriki kuanzisha shule iliyokusudia kuziweka njia hizo mbili chini ya paa moja, katikati ya Kariakoo.

Suala la namna mtoto anavyofundishwa herufi zake za kwanza limezoeleka kuachiwa walimu wa darasa la kwanza, kana kwamba halina uzito wa kitaaluma. Kwa maoni yetu huo ni upungufu. Katika Dar es Salaam ya nusu ya kwanza ya karne ya 20, herufi aliyoanza nayo mtoto ilikuwa inaamua, kwa kiasi kikubwa, kama atakuwa karani au mchukuzi, kama ataweza kuandika barua kwa Mkuu wa Wilaya au atamlipa mtu amwandikie, na kama wazazi wake watahisi kuwa wamempata au wamempoteza.

2. Mtoto wa askari

Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa miongoni mwa askari waliochukuliwa na Hermann von Wissmann kutoka Afrika Mashariki ya Wareno mwaka 1889 ili kuja kuuzima upinzani wa pwani ulioongozwa na Abushiri bin Salim. Watu hao waliitwa Wazulu. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, na miaka mitano baadaye mji huo huo ukashuhudia kuzaliwa kwa mtoto wa askari aliyekuja na jeshi lililomshinda. Jina la Kleist ni la Kijerumani, na ukoo wake ulichukua jina la Sykes. Ndani ya majina mawili ya mtu mmoja mmesimama historia nzima ya utawala wa kigeni, na bado mwenyewe alikua Mwislamu na Mswahili wa mjini.

Baba alikufa maji katika mto Ruaha wakati wa kurejea kutoka vita dhidi ya Wahehe, na mtoto akalelewa Dar es Salaam na Effendi Plantan, mkuu wa jumuiya hiyo ya Wazulu. Malezi hayo yana umuhimu kwa hoja yetu. Kijana asiye na ukoo wa wenyeji nyuma yake, asiye na shamba Uzaramo wala jahazi bandarini, alikuwa na njia chache za kujipatia nafasi. Elimu ya shule ya serikali ilikuwa mojawapo, na ndiyo aliyoishika.

Serikali ya Wajerumani ilianza kufungua shule zake za pwani katika miaka ya 1890, ya kwanza ikiwa ile ya Tanga. Makusudi yake yalikuwa finyu na yalijulikana: kupata makarani, wakalimani, maakida na mafundi. Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, na herufi zilikuwa za Kirumi. Hata neno ambalo Watanzania Bara hulitumia hadi leo, 'shule', limetokana na Kijerumani, ilhali ndugu zao wa Visiwani husema 'skuli'. Kufikia mwaka 1914 shule za serikali zilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000, na za misheni zaidi ya 100,000. Tofauti hiyo inatuonyesha jambo ambalo mara nyingi husahaulika: mtoto wa Kiislamu wa mjini aliyetaka herufi za Kirumi bila kubatizwa alikuwa na mlango mwembamba mno wa kuingilia.

Katika shule ya Dar es Salaam Kleist alijifunza kusoma na kuandika, lugha ya Kijerumani na kazi za ukarani. Vita Kuu ya Kwanza vilipozuka alitumika upande wa Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck. Vita vilipokwisha, bwana akabadilika na lugha ya ofisini ikawa Kiingereza. Makarani wa zamani walilazimika kuanza upya katika lugha, lakini si katika herufi. Kalamu aliyoijua Kleist kwa Kiswahili na Kijerumani ilimfaa pia kwa Kiingereza, naye akaajiriwa katika reli.

3. Njia mbili za kuanza kusoma

Hapa hatuna budi kusimama kidogo, kwa sababu mjadala wa elimu ya Waislamu wa pwani umeelezwa mara nyingi kama mgongano wa imani, bila kuangalia hasa mtoto alikuwa akifanya nini mbele ya ubao.

Chuoni mtoto alianza na majina ya herufi kwa mpangilio wake. Alizisema kwa sauti, akizifuata kwa kijiti, hadi jina na umbo vishikamane. Kisha aliletewa irabu: fataha, kasra na dhumma. Kazi yake sasa ilikuwa kutaja jina la herufi, kutaja irabu iliyo juu au chini yake, na mwisho kutoa sauti inayopatikana. Hatua hiyo ya tatu ndiyo kiini. Anayekumbuka chuo cha utotoni anajua ile nyimbo isiyo nyimbo, kundi zima likisema kwa mfululizo, kila mmoja katika sehemu yake ya juzuu. Baada ya silabi moja moja zilifuata herufi zilizounganishwa, ambapo mtoto aligundua kwamba herufi moja inaweza kuwa na umbo jingine mwanzoni, katikati na mwishoni. Ndipo akaingia Juzuu Amma, kwa sura fupi kwanza. Mwalimu alimsikiliza kila mtoto peke yake, naye mtoto hakusogezwa mbele kwa kuwa mwaka umekwisha, bali kwa kuwa ameweza.

Mtaalamu wa leo wa ufundishaji wa kusoma angeyatambua mengi hapa. Kuna uchambuzi wa sauti, kuna kuunganisha, kuna upimaji wa mtoto mmoja mmoja, na kuna mazoezi mengi sana ya kurudia. Kilichokosekana ni maana. Mtoto wa Mzaramo au wa Mmanyema alisoma kwa ufasaha lugha asiyoielewa. Kwa malengo ya chuo hilo halikuwa kosa, kwa kuwa kusoma huko kulikuwa ibada, na usahihi wa matamshi ulikuwa sehemu ya ibada. Anayekilaumu chuo kwa kutofundisha ufahamu anakidai deni ambalo hakikulikopa.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mtoto alipewa kwanza irabu tano, a, e, i, o, u, kisha konsonanti moja ikapitishwa katika irabu zote: ba, be, bi, bo, bu. Kutoka hapo maneno yalipatikana mara moja, maana muundo wa silabi za Kiswahili ni rahisi: baba, bibi, babu. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi kina bahati ambayo Kiingereza na Kifaransa havina. Kila irabu ina thamani moja, silabi nyingi huishia kwa irabu, na anayejua silabi takriban mia moja anaweza kutamka neno lolote la kawaida, hata asilolijua. Mwanafunzi wa Uingereza huhitaji miaka kadhaa kufika hapo.

Hata hivyo njia ya silabi ina mtego wake, na mtego huo ni ule ule wa chuoni. Ba-be-bi-bo-bu huimbika. Mtoto anaweza kuiimba safu nzima macho yakiwa dirishani. Mwalimu asiyekuwa mwangalifu atadhani kuwa darasa linasoma, kumbe linaimba. Mwonyeshe mtoto huyo 'bo' peke yake, pembeni mwa ubao, na utamwona akirudi kimya kimya mwanzo wa safu kuitafuta. Kuna pia tatizo la majina ya herufi. Mtoto aliyefundishwa kuwa herufi fulani ni 'be' na nyingine ni 'efu' atauliza, kwa haki kabisa, ni vipi 'be' na 'a' zinakuwa 'ba' na si 'bea'. Mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulioanza kutumika Tanzania mwaka 2015, uliojengwa juu ya stadi za kusoma, kuandika na kuhesabu, umeweka sauti ya herufi mbele ya jina lake. Mwalimu wa chuo alikuwa ameshalitatua tatizo hilo kwa njia yake, kwa kuyataja yote mawili, jina na sauti, kila mara.

Tuziangalie herufi zenyewe. Kiswahili kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa, na hazina ya tenzi iliyohifadhiwa kwa hati hiyo inatosha kuwanyamazisha wanaoiona kuwa hati duni. Lakini hati iliyomfaa mtunzi mtu mzima haikuwa lazima imfae mtoto anayeanza. Irabu tatu za Kiarabu zilibeba irabu tano za Kiswahili, hivyo 'choma' na 'chuma', 'mbele' na 'mbili', 'koko' na 'kuku' zingeweza kuandikwa sawasawa. Kwa mwandishi asiyetumia herufi za nyongeza za Kiajemi, 'pata' na 'bata' nayo yalikuwa neno moja machoni. Msomaji aliyeijua lugha na aliyeujua utenzi alichagua lililo sahihi bila taabu. Anayeanza hana hazina hiyo ya kuchagulia. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa (1891–1947), aliyekuwa akiishi wakati mmoja na Kleist, aliliona tatizo hili na akashughulikia namna ya kuirekebisha hati ya Kiarabu ili iitoshee lugha.

Upande wa pili, herufi za Kiarabu zilikuwa na ubora ambao walimu wa shule hawakuuthamini. Sauti za 'thelathini', 'dhahabu', 'ghali' na 'shamba' kila moja ina herufi yake moja chuoni. Shuleni kila moja huandikwa kwa herufi mbili. Mtoto aliyetoka chuoni alizisikia sauti hizi kuwa kitu kimoja kimoja, kwa kuwa aliwahi kusahihishwa matamshi yake kwa mwaka mzima au miwili. Mtoto aliyetoka bara moja kwa moja na kuketi darasani Dar es Salaam aliweza kusema 'selasini' na 'zahabu', na alipoambiwa aandike asikiavyo, aliandika hivyo hasa. Hapa tunafika kwenye jambo ambalo nadharia ya herufi moja kwa sauti moja hulificha: inadai kwamba watoto wote wana sauti moja masikioni. Kariakoo haikuwa hivyo. Ilikuwa na Wazaramo, Wamanyema, Wanyamwezi, Wangoni, Wazulu wa kina Plantan na wengine wengi, kila nyumba na lafudhi yake. Mwalimu wa darasa la kwanza mjini alifundisha sauti kwanza, apende asipende, kabla ya kufundisha herufi.

Kuna na mengine ambayo hati yoyote kati ya hizo mbili haikuyamaliza. Neno 'mbuni' kwa maana ya ndege lina silabi mbili; 'mbuni' kwa maana ya mti wa buni lina tatu. Maandishi ni mamoja. Mtoto husoma kwa usahihi lile analolijua kutoka nyumbani, na wengi wa watoto wa Kariakoo hawakuwahi kumwona ndege huyo wala mti huo.

4. Tahajia inatengenezwa jirani

Yote haya yalikuwa yakijadiliwa umbali wa mwendo mfupi kutoka alipoishi Kleist, katika mtaa wa Kipata. Mkutano wa elimu uliofanyika Dar es Salaam Oktoba 1925 ulizungumzia hitaji la Kiswahili kimoja cha vitabu vya shule. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya Makoloni, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, na makao yakawa hapa Dar es Salaam hadi 1942 yalipohamishiwa Nairobi. Kamati hiyo ndiyo babu wa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ambayo baadaye, mwaka 2009, iliingizwa katika TATAKI.

Kazi ya Kamati imelaumiwa, na kwa sababu nzuri, kwamba Waswahili wenyewe hawakushirikishwa ilivyopasa. Lakini kwa mtoto wa darasa la kwanza usanifishaji ulikuwa na faida isiyopingika. Kabla yake kila kundi la wachapishaji lilikuwa na mazoea yake. Kitabu mashuhuri cha Carl Velten cha 1903 kinaandika 'khabari' pale ambapo leo tunaandika 'habari'. Mtu mzima huvuka tofauti kama hizo bila kujikwaa. Mtoto aliyefundishwa kwamba herufi husema kitu kimoja tu, kisha akakuta kitabu cha pili kinasema kingine, hupoteza imani yake katika herufi, na imani hiyo ikishapotea ni kazi ngumu kuirudisha. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza 1923 chini ya Idara ya Elimu, liliwapa walimu na makarani maandishi ya kawaida ya kusoma kila mwezi, na lilikuwa, tunathubutu kusema, kitabu cha kiada cha watu wazima wengi kuliko kitabu chochote cha kiada.

Ikumbukwe pia kwamba herufi hizo hazikuwa za watoto wote wa mji. Serikali ya Waingereza iliigawa elimu kwa rangi kama ilivyougawa mji wenyewe. Upande wa Uzunguni watoto walisoma kwa Kiingereza. Uhindini walikuwapo waliosoma kwa Kigujarati na hati yake. Ng'ambo ya Mnazi Mmoja, Kariakoo na Ilala, palikuwa na Kiswahili cha shule na Kiarabu cha chuo. Mtu aliyetembea kutoka bandarini hadi soko la Kariakoo alivuka hati tatu kwa muda wa nusu saa.

5. Aggrey, Matola na African Association

Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes ilizuru Tanganyika, na ndani yake alikuwamo Mwafrika mmoja, James Kwegyir Aggrey, mwalimu aliyezaliwa Pwani ya Dhahabu na kusoma Marekani. Kleist alikutana naye. Katika kumbukumbu za maisha yake aliueleza mkutano huo kuwa chanzo cha wazo la kuwa na chama cha Waafrika. Athari ya Aggrey hupimwa kwa kawaida upande wa siasa, na jina lake limebaki katika mtaa mmoja wa Kariakoo. Sisi tungependa kuongeza kwamba ujumbe wa tume ile ulikuwa wa elimu kwanza. Ripoti yake, iliyotoka 1925, ilitetea lugha za wenyeji katika madarasa ya mwanzo, na sera ya serikali ya Uingereza ya mwaka huo ikafuata mwelekeo ule ule. Kwa mara ya kwanza mtu mweusi, amevaa suti na ana shahada, alisimama mbele ya makarani wa Dar es Salaam kama hakimu wa elimu yao.

African Association ilipoanza 1929, rais wake alikuwa Cecil Matola na katibu wake Kleist Sykes. Matola alikuwa mwalimu. Si bahati tu: katika miji ya Tanganyika ya miaka ile wenye kalamu walikuwa ama walimu ama makarani, na chama kilichohitaji kuandika mihtasari, maombi na barua kwa serikali kiliwahitaji wote wawili. Mwalimu huyo alikuwa Mkristo mwenye malezi ya misheni, na katibu Mwislamu aliyetoka shule ya serikali. Ofisi yao ilijengwa mtaa wa New Street, ambao sasa ni Lumumba, na humo humo ndimo TANU ilimozaliwa tarehe 7 Julai 1954.

6. Paa moja

Mwaka 1933 Kleist alikuwa miongoni mwa waasisi wa jumuiya nyingine, Al Jamiatul Islamiyya fi Tanganyika, pamoja na Mzee bin Sudi na wenzao. Baadhi ya waandishi wamejiuliza kwa nini mtu aliyeasisi chama kisicho na dini aasisi tena jumuiya ya dini. Jibu, kwa maoni yetu, liko kwenye shule.

Hali ilikuwa hivi. Serikali ilitoa ruzuku kwa shule zilizotimiza masharti yake, na sehemu kubwa ya ruzuku ilikwenda kwa misheni, kwa kuwa ndizo zilizokuwa na majengo, vitabu na walimu waliohitimu. Chuo cha Kurani hakikuhesabiwa kuwa shule. Shule za serikali zilikuwa chache kwa mji uliokuwa ukikua haraka. Na katika sehemu nyingi za bara neno 'msomaji' lilikuwa limekwisha kupata maana ya mtu anayejiandaa kubatizwa, jambo ambalo halikuwasaidia wazazi wa Kiislamu kulipenda. Ni neno lile lile ambalo chuoni lilimaanisha kusoma Kurani. Mzazi wa Gerezani aliyesikia kuwa mwanawe anakwenda kusoma alikuwa na haki ya kuuliza: kusoma gani?

Wajerumani waliwahi kulitambua hilo. Katika miaka ya 1890 walimweka mwalimu wa Kurani katika shule ya Tanga ili wavute watoto wa Kiislamu, na wamisionari wakapinga hadi mpango ukaachwa. Jamiatul Islamiyya ililirudia wazo hilo, safari hii mikononi mwa Waislamu wenyewe. Shule yake ilisimama New Street penye makutano na mtaa wa Stanley, hatua chache tu kutoka ofisi ya African Association. Humo mtoto alisoma dini na alisoma masomo ya shule.

Tusikuze mambo. Shule ile haikubuni njia mpya ya kufundisha kusoma, wala haikuziyeyusha njia mbili zikawa moja. Ilichokifanya ni cha kawaida zaidi na, kwa mtazamo wetu, cha maana zaidi: ilimwondolea mzazi ulazima wa kuchagua. Mtoto aliyekwenda chuoni alfajiri na shuleni baadaye alikuwa na walimu wawili wasiojuana, kila mmoja akimwona mwenzake kuwa mwizi wa muda. Mmoja alimwandikisha kutoka kulia kwenda kushoto, wa pili kutoka kushoto kwenda kulia, na hakuna aliyemweleza kwa nini. Chini ya paa moja maelezo hayo yaliwezekana. Uzoefu wa watoto wa pwani unaonyesha kwamba mtoto huweza hati mbili bila madhara endapo kila moja imefungamanishwa na lugha na kazi yake. Linalomwumiza ni dharau ya mwalimu mmoja kwa hati ya mwenzake, kwa kuwa mtoto huigeuza dharau hiyo kuwa aibu ya nyumbani kwao.

Kuna swali gumu ambalo halipaswi kufichwa. Je, shule ya namna hiyo haikuwatenga Waislamu na wenzao wakati ule ule ambapo African Association ilikuwa ikijaribu kuwaunganisha Waafrika wote? Ndani ya chama chenyewe miaka ya 1930 haikuwa ya utulivu, na dini ilikuwa moja ya nyufa. Mwandishi huyu anaona kwamba lawama hiyo ingekuwa na nguvu kama kungekuwapo shule moja ya Waafrika wote ambayo Jamiatul Islamiyya iliipa kisogo. Shule hiyo haikuwapo. Palikuwa na shule za misheni zilizokuwa za dini kwa tamko lao wenyewe, na za serikali ambazo nafasi zake hazikutosha. Kleist hakuuvunja umoja uliokuwapo. Alijaribu kuhakikisha kwamba umoja utakapokuja, watoto wa mtaani kwake watakuwa wanajua kusoma muhtasari wa mkutano.

7. Miaka ya mwisho

Vita vya Pili vya Dunia viliwachukua wanawe, Abdulwahid na Ally, waliotumika katika King's African Rifles huko Burma. Yeye mwenyewe aliingia katika biashara. Mji aliouona mwishoni mwa maisha yake haukuwa ule wa utoto wake. Sensa ya 1948 iliwakuta wakazi wapatao 69,000, na katika mwaka huo African Association ikawa Tanganyika African Association.

Kleist Sykes alifariki dunia mwaka 1949. Abdulwahid alifuata nyayo zake katika uongozi wa TAA, huku akifanya kazi ya usimamizi wa soko la Kariakoo, mahali ambapo kusoma na kuandika kulikuwa kazi ya kila asubuhi: stakabadhi, ushuru, majina ya wenye vizimba. Mtaa wa Kipata umebadilishwa jina na sasa ni Mtaa wa Kleist Sykes. Kumbukumbu za maisha yake zilihifadhiwa na familia, na mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, alizitumia kuandika sura juu yake katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe na kuchapishwa mwaka 1973.